Kwani Hamna Simu?

Novemba 2018, mjini Anaheim, California, kampuni ya Blizzard iliwatangazia mashabiki wake kwamba Diablo, gemu waliyokua nayo kwenye kompyuta, inakuja kwenye simu. Ukumbi ukaguna, wengine wakazomea. Wyatt Cheng, mmoja wa wabunifu wa gemu hiyo, akawauliza: kwani hamna simu? Swali lile likageuka dhihaka, na wapenzi wa gemu wanalirudia hadi leo. Mimi naliona ni swali la haki. Sehemu kubwa ya dunia ingejibu: tunazo, na hatuna kingine.

Wanaodharau gemu za simu wana hoja moja nzito. Gemu ile ilipotoka Juni 2022, mwenye pesa aliweza kununua nguvu ambayo asiye nazo angeihangaikia muda mrefu mno. Hilo linanikera pia, hasa ninapofikiria watoto. Ila ni ubaya wa wafanyabiashara, haukuzaliwa na simu. Aprili 2018, miezi kadhaa kabla ya zomeazomea ile, mamlaka ya kamari ya Ubelgiji ilisema masanduku ya bahati nasibu ndani ya FIFA 18, Counter-Strike na Overwatch yanavunja sheria za kamari. Hizo ni gemu za kompyuta na PlayStation, na Overwatch ni ya Blizzard hiyohiyo.

Kinachobaki, nadhani, ni dharau ya mwenye kifaa cha bei kwa asiyekuwa nacho.

Mpwa wangu hucheza Free Fire, gemu ya Garena ya Singapore iliyotoka 2017 na kutengenezwa ili iende hata kwenye simu dhaifu. Simu yake ina ufa kwenye kioo, na bando hununua la kubana. Siku moja nilikaa kumtazama akiwa na wenzake watatu hewani. "Kaka, nimedondoka, njoo uniinue! Usipite wazi, yuko juu ya paa!" Kwa kidole gumba alikuwa anakimbia, kwa kingine analenga, huku sikio likifuata nyayo za adui. Anayesema huo si ustadi hajawahi kuutazama kwa makini.

Wafilipino hawakungoja ruhusa ya mtu kuuthamini ustadi huo. Desemba 2019, kwenye Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia waliyoiandaa wenyewe, michezo ya kielektroniki ilitoa medali kamili kwa mara ya kwanza, na miongoni mwayo ilikuwa Mobile Legends, gemu ya simu. Fainali ikawakutanisha na Indonesia. Wenyeji wakashinda 3–2, wakavishwa dhahabu kama wanariadha wengine wa taifa lao. Vijana wengi wa nchi hizo mbili walijifunza gemu hiyo palepale walipoweza kumudu: kwenye simu ya mkononi, nyumbani au nje ya duka lenye Wi-Fi.