Gumu Juu, Bichi Chini

Binamu yangu wa Garsen alizibwa gego katika kliniki moja aliyoipitia safarini. Alichagua ile dawa ya rangi ya jino, inayogandishwa kwa taa ya buluu. Alipouma alisikia gumu kabisa, akalipa, akaenda zake.

Haukupita muda maji baridi yakaanza kumchoma. Nyuzi za embe, na msimu wa embe Tana River hauna mchezo, zikawa zinanasa pembeni mwa jino lile lile. Tukamwambia, "Si limezibwa? Litatulia." Miezi ikapita, ukatokea mstari wa kahawia kuzunguka kizibo. Hapo pia akasubiri, maana kwenda Malindi ni nauli na siku nzima ya kazi. Simlaumu, ningekuwa mimi ningesubiri vilevile.

Daktari wa Malindi alipolifungua, chombo kiliteleza juu, kisha kikazama. Chini dawa ilikuwa bado laini, na uozo umeanza upya.

Mwanga hufifia kadiri unavyopenya ndani. Ndiyo maana dawa ya kawaida huwekwa kwa matabaka ya kama milimita 2, kila tabaka likamulikwa peke yake, mara nyingi sekunde 20 au zaidi, ncha ya taa ikiwa karibu kabisa na jino. Binamu anakumbuka yake iliingizwa kwa mkupuo mmoja. Msaidizi aliyeshika taa alikuwa akitazama mlangoni, taa inayumba, na ncha yake ina madoa ya dawa iliyokauka. Aliyaona yote. Lakini ni nani kati yetu humkosoa daktari huku amepanua mdomo?

Jicho nalo halisaidii, kwani taa iliyochoka huwaka buluu ile ile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walizipima taa za kliniki za jijini, na mwaka 2013 wakachapisha matokeo: hazikulingana nguvu. Kama ni hivyo Nairobi, huku kwetu tuulize zaidi. Kuna kipimo kidogo cha mkononi cha kupimia mwanga huo. Kabla hujalala kwenye kiti, uliza taa ilipimwa lini. Atakayeudhika na audhike. Na maumivu ya siku chache baada ya kuzibwa ni kawaida, lakini yakivuka wiki mbili, rudi.

Jino la binamu liliokolewa, ila kwa kuchimbwa tena, na sehemu ya jino iliyokuwa bado nzima ikaondoka pamoja na kile kizibo.