*TAFAKARI YA RAMADHANI – SIKU YA 12: Uliyeweza kungoja Magharibi*

Ndugu zangu wa Lulindi, Masasi, Newala na popote mlipo,

Leo tuongelee israfu. Wapo wanaosema hilo ni tatizo la matajiri, maskini ana nini cha kufuja? Jamani, tujiangalie.

Sisi huku pesa haiji kila mwezi. Inakuja na korosho, kuanzia Oktoba, mnada kwa mnada. Msimu wa 2024/25 bei mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Malipo yakiingia, wauzaji nao wanajua. Siku hiyo hiyo simu mpya, redio, vitenge vya sare ya unyago, soda kreti tatu kwa sababu jirani alileta mbili. Hakuna hata kimoja hapo kilicho haramu. Ndiyo maana ni vigumu kukiacha.

Sasa masika hii. Mahindi yamepanda bei, palizi inangoja, mtoto hana daftari. Hapo ndipo anapopita mtu wa kangomba: chukua hela kidogo leo, korosho utanipa msimu ukifika. Bei anapanga yeye. Basi ile kreti ya tatu hukuilipia bei ya soda. Umeilipia kwa gunia ambalo hata maua yake hayajachanua.

Tuseme haki lakini. Wengine wanaingia kangomba kwa sababu ya ugonjwa au msiba, si kwa anasa. Huyo tusimsimange, tumsaidie. Na furaha si dhambi. Katika Suratul Israa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu anakataza ubahili na anakataza pia kutoa mpaka ukabaki huna kitu. Njia ni ya katikati.

Utaijuaje? Jiulize: *kama hakuna ambaye angeniona, ningekinunua?*

Halafu angalia funga yako. Saa nane mchana, jua kali, maji yamo mtungini, ni yako, ni halali, na uko peke yako. Huyagusi. Hukuambiwa usinywe kabisa, umeambiwa ngoja. Basi uliyeweza kungojea maji utashindwaje kungojea kitenge? Kitu kikikuvuta, kipe siku tatu. Kama ni haja, siku ya nne bado utakihitaji. Kama ni tamaa tu, mara nyingi utakuta imeshapita.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuhusu mali mja ataulizwa mawili: aliipata wapi, na aliitumia katika nini. La kwanza tunalijibu kifua mbele: jasho langu! La pili je?

*Zoezi la leo:*
✅ Usiende sokoni jioni na njaa bila kuandika unachohitaji. Macho ya aliyefunga hununua futari ya watu kumi.
✅ Mkae, mume na mke, mkubaliane sasa, kabla pesa haijaingia: ya chakula cha masika kiasi gani, ya shule, ya palizi, ya sherehe. Siku ya malipo si siku ya kupanga.
✅ Kinachobaki leo, hata mia tano, kitie kwenye kibubu.

Ewe Mola wetu, tubarikie kidogo chetu, utukinaishe nacho, na usitufanye tuile kesho yetu leo. Aamin.

Mfikishie na mwenzio. Ramadhan Kareem 🌙