Tawi la Pili

Wanaotumia vitabu vya Flora of Tropical East Africa, ule mfululizo unaoeleza mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania, wameizoea alama moja isiyofurahisha. Baada ya jina la mmea na jina la aliyeukusanya huja herufi B, na kando yake kijimsalaba. B ni Berlin. Kijimsalaba kinaarifu kwamba sampuli iliyotumika kuupa mmea huo jina iliangamia.

Si hasara ndogo. Mtaalamu anapotangaza spishi mpya, maelezo ya jani na ua hayatoshi. Anapaswa kutaja tawi moja lililobanwa na kukaushwa, lenye namba, mahali na tarehe lilipochumwa, na hebaria linakotunzwa, yaani jumba la mimea mikavu iliyogundishwa kwenye karatasi nene na kupangwa makabatini. Kanuni za kimataifa zimefanya kutaja tawi kama hilo kuwa sharti tangu mwaka 1958, ingawa desturi yenyewe ni ya zamani zaidi. Tawi hilo ndilo sampuli ya msingi, nalo ni jiwe la mpaka la jina zima. Watu wakizozana kama mmea wa Uluguru ni uleule wa Usambara, hawashindani kwa ufasaha. Huenda kwenye jiwe. Jiwe liking'olewa, kila mmoja atabaki na hoja yake.

Sasa, mawe ya mipaka ya mimea yetu yalifikaje Berlin?

Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliamua kwamba vitu vya kisayansi vilivyokusanywa na watumishi wake katika makoloni vipitie majumba ya makumbusho ya Berlin kwanza. Mwaka huohuo Adolf Engler alichukua uongozi wa bustani ya mimea ya huko, akaushika hadi 1921. Engler alikuwa mtu wa kazi kubwa na mikono mirefu. Kufikia 1895 alikuwa ameshachapisha kitabu kinene juu ya mimea ya Afrika Mashariki, na mwaka 1902 alikuja mwenyewe kuiona Usambara. Mabunda yalimfikia kutoka kila upande: Carl Holst akituma ya Usambara, Georg Volkens ya Kilimanjaro, Franz Stuhlmann ya safari za bara, Walter Goetze ya Uhehe na milima ya Ukinga, hadi Goetze alipofia hukuhuku mwaka 1899. Aliyepanda mti kulikata tawi, aliyelijua jina lake kwa Kisambaa au Kihehe, aliyelibeba bunda kichwani hadi pwani, hao kwa kawaida hawamo kwenye lebo.

Engler na wenzake walieleza mamia ya spishi kutokana na mabunda hayo. Mara nyingi waliandika mistari michache ya Kilatini, bila mchoro, na mara nyingine walitaja sampuli kadhaa bila kusema ipi ndiyo ya msingi. Hawakuona haja ya kujisumbua. Mwenye shaka angekuja Berlin, angefungua kabati na kujionea.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 ndege za Uingereza ziliishambulia Berlin, na jumba lake la mimea, mtaani Dahlem, likashika moto. Lilikuwa na sampuli zipatazo milioni 4. Karatasi kavu, majani makavu, makabati ya mbao: hakuna kitu kilichokuwa na sababu ya kutoungua. Sehemu kubwa ya hebaria iliteketea, na maktaba nayo. Kilichopona kilipona kwa kuwa hakikuwa pamoja na vingine. Mkusanyo wa kale wa mtaalamu wa mimea Willdenow ulikuwa umewekwa kando. Sampuli zilizoazimwa na wataalamu wa miji mingine zilikuwa safarini au mezani kwao. Yaani ule uzembe wa mtu kukaa na sampuli ya kuazima miaka nenda miaka rudi, unaowaudhi watunzaji wote wa hebaria duniani, safari hii uliokoa majina.

Wapo wanaosimulia kisa hiki kama kisa cha vita, na bomu kweli lilidondoka. Mimi naona kosa lilitendwa miaka hamsini nyuma, siku ilipoonekana ni fahari kwamba ushahidi wa mimea ya nusu ya dunia ulale chini ya paa moja. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Berlin ilikuwa na daftari zuri ajabu, lakini daftari na mali vilikaa nyumba moja.

Tuangalie Amani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe huko, juu katika Usambara Mashariki, penye ukungu na mvua nyingi. Kituo kilikuwa na hebaria yake ndogo. Kuna matawi yaliyochumwa msituni, nakala moja ikapelekwa Berlin kwa mabwana wakubwa, nyingine ikabaki kilimani kwenye kabati la kawaida. Waingereza walipokitwaa kituo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kabati lilibaki. Baadaye alikuja Peter Greenway, aliyeendelea kukusanya, na mwaka 1937 akachapisha kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Mwaka 1950 mkusanyo wa Amani ukahamishiwa Nairobi, nao ni sehemu ya msingi wa ile inayoitwa leo Hebaria ya Afrika Mashariki. Ndiyo maana katika vitabu vile, mara nyingine baada ya B na kijimsalaba chake, utaona herufi nyingine mbili, EA, bila msalaba wowote. Jumba la mji mkuu liliungua, na nakala ya kilimani ikabaki kuwa shahidi.

Palipo na nakala, tiba inajulikana. Mtaalamu huichagua rasmi nakala hiyo ishike nafasi ya sampuli iliyopotea, huchapisha uamuzi wake, na jina hupata pa kusimama. Pasipo na nakala popote, kazi huwa ngumu. Inabidi mtu asome ile mistari ya Kilatini, atafute kwenye ramani kituo cha misheni au kambi iliyotajwa, ambayo huenda ilikwisha kubadilika jina, aende huko, atafute mmea unaolingana na maelezo, kisha autangaze kuwa sampuli mpya ya msingi. Akikuta msitu umekuwa mashamba ya chai au mahindi, atarudi mikono mitupu. Majina ya namna hiyo huishia mwisho wa sura ya kitabu, penye orodha ya spishi zisizojulikana vizuri. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba zipo, wala kwamba hazipo. Na spishi ambayo haijulikani ni ipi haiwezi kuorodheshwa kuwa hatarini, wala kutajwa katika tathmini ya mazingira kabla ya barabara au bwawa kupita.

Kinachouma zaidi ni kwamba njia ya kuokoa ilikuwa imeshaanza. Mwaka 1929 J. Francis Macbride wa jumba la makumbusho la Field, Chicago, alifika Berlin na kamera. Alitumwa kupiga picha sampuli za msingi za mimea, na akaendelea hivyo kwa miaka kadhaa katika hebaria mbalimbali za Ulaya, picha kama 40,000 kwa jumla. Kwa spishi nyingi, picha yake ndiyo pekee iliyobaki leo. Lakini waliomtuma walikuwa wakiandika juu ya mimea ya Amerika ya tropiki, hasa Peru, kwa hiyo alipiga za huko. Makabati ya Afrika yalikuwa hatua chache kutoka alipoisimika kamera. Simlaumu. Kila mtu hupiga picha ya kwao, na wakati huo sisi hatukuwa na wa kututumia kamera.

Manila nayo iliungua, katika mapigano ya mwaka 1945, na hebaria ya taifa ya Ufilipino ikawa majivu. Lakini Elmer Merrill, aliyekuwa ameitumikia kwa miaka mingi, alikuwa na tabia ya kusambaza nakala za kila alichokusanya kwenye hebaria za nchi nyingine. Vita vilipokwisha, Wafilipino waliijenga upya hebaria yao, na nakala hizo zikawa sehemu ya kilichorudi nyumbani.

Kwetu aliyekuwa na tabia kama hiyo ni H. J. Schlieben, Mjerumani aliyezunguka Tanganyika katika miaka ya 1930, kutoka Njombe na Uluguru hadi Lindi. Alijipatia riziki kwa mimea, kwa hiyo alichuma seti nyingi na kuzisambaza. Leo namba zake zinapatikana London, Brussels, Paris, Geneva na kwingineko. Huko Lindi, karibu na Ziwa Lutamba, alichuma mti wenye miiba, ndugu wa mwambangoma, na mwaka 1936 ukatangazwa kwa jina la Erythrina schliebenii. Mwaka 1998 uliorodheshwa kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2001 ukaonekana tena katika kipande cha msitu wa mawemawe wilayani Kilwa. Hofu ikarudi eneo lilipofyekwa kwa ajili ya mradi wa nishati ya mimea, hadi watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoupata tena mwaka 2011. Mti uliodhaniwa umekwisha hauwezi kutambulika porini kama hakuna tawi lake popote la kulinganisha nalo.

Msomaji asidhani kutuma nakala mbali ni kinga kamili. Mwaka 2017 maafisa wa karantini wa Australia waliteketeza sampuli 105 zilizoazimwa kutoka Paris, nyingine za karne ya 19 na zikiwemo za msingi, kwa sababu ya kasoro katika nyaraka. Hapakuwa na bomu. Palikuwa na fomu.

Hatari yetu ya leo haitoki angani. Hebaria huliwa polepole: unyevu, ukungu, mende wadogo wanaotoboa maua na kuacha unga, paa linalovuja juu ya kabati ambalo hakuna aliyelifungua tangu mwaka juzi. Na kuna hasara nyingine isiyo na moshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya spishi mpya zilizoelezwa ndani ya miaka mitano tangu zichumwe mara ya kwanza, na karibu robo zilitokana na sampuli zilizokaa zaidi ya miaka 50 kabatini. Kwa hiyo spishi mpya nyingi zimeshachumwa. Ziko ndani ya jalada lililoandikwa jina la ukoo na neno moja la kukiri kutojua, zikimsubiri mtu mwenye hadubini na muda. Tawi la namna hiyo likiharibika, hata kijimsalaba halitapata, maana halikuwahi kuwa na jina.

Wala isidhaniwe kazi imekwisha. Flora ya Afrika Mashariki ilipangwa kuchukua miaka 15. Sehemu ya kwanza ilitoka 1952, ya mwisho 2012, ikiwa na spishi 12,104, na takriban 1,500 kati yake zilikuwa mpya kwa sayansi, zilizogunduliwa wakati kazi ikiendelea. Miaka saba tu baada ya kitabu kufungwa, katika misitu ya Udzungwa ulipatikana mti unaofikia mita 40, na mwaka 2025 ukatangazwa kwa jina la Tessmannia princeps. Ni mti wa kukumbatiwa na watu kadhaa, tena wa miaka mingi sana, na vitabu vyote vilikuwa havijauona. Waliouonyesha ni wajuzi wa miti wa hukohuko.

Wanafunzi wa botania, maafisa misitu, na nyinyi mnaokwenda kufanya tathmini ya mradi kwa wiki moja porini: namba moja ichumwe matawi manne au matano, yenye maua au matunda, kutoka mmea uleule. Moja libaki Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au Makerere, kulingana na nchi mliyomo. Jingine livuke mpaka kwa jirani. Mengine yaende ng'ambo kwa wanaoujua ukoo huo, nyaraka zikiwa kamili. Pigeni picha za mmea ukiwa hai, na za karatasi baada ya kugundisha, mziweke zaidi ya mahali pamoja. Ikiwa mimea yenyewe ni michache tu kwenye jabali, chukueni tawi moja dogo na picha nyingi, mwache mizizi. Na kwenye lebo, chini ya jina lenu, andikeni kwa ruhusa yake jina la mzee au kijana aliyeuonyesha mti, na jina anavyouita yeye, kwa lugha yake.