Mchezo wa Bariyeri

Hapa Batsinda watoto wetu wanacheza bariyeri. Kamba moja, wawili ni askari, wengine wanabeba mafurushi na kuomba wapite. Siku moja niliikata ile kamba. Mwanangu akaniuliza: "Baba, kosa letu nini?" Nilikosa jibu.

Mwaka 2019 kampuni ya Marekani, GMT Games, iliondoa kwenye orodha yake ya oda mchezo wa mezani unaoitwa Scramble for Africa, kabla haujachapishwa. Wachezaji wangekuwa mataifa ya Ulaya yanayogombania Afrika. Watu wakalalamika, Gene Billingsley wa kampuni hiyo akatangaza kuutoa.

Nadhani alifanya vyema. Lakini kwa sababu gani? Wengine watasema eti mateso ya watu si ya kuchezea. Hapo mimi sikubali, maana basi hata watoto wetu wana hatia. Ubaya wenyewe ni kwamba kwenye meza ile wenye nchi hawakuwa na kiti. Walikuwa ardhi tu, ya kugawanwa. Kwenye kamba ya Batsinda anayekimbia ana jina na ana sauti, na aliye askari leo, kesho ni zamu yake kubeba furushi.

Kumbe mimi nilikata kamba kwa hofu yangu, si kwa kosa lao. Jioni nikaifunga fundo, nikawarudishia. Mwanangu akanipa furushi: "Baba, leo wewe ndiye unavuka."

Nikalibeba.