Kujenga upya mukini wa bankambo

Kule Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, watu wameishi toka zaidi ya miaka elfu moja. Walivua samaki, waliwinda, walifua chuma na shaba. Jacques Nenquin alichimba pale mwaka 1957, na Pierre de Maret akaendelea mwaka 1974. Walichokuta zaidi njo makaburi: nyungu, mapambo, misalaba midogo ya shaba. Kadiri mtoto alivyokuwa mdogo, nyungu zake nazo zilikuwa ndogo.

Nyumba zao hatuzijui vizuri, sababu mukini wa leo umekaa juu ya ule wa zamani. Basi tukitaka kuwaonyesha watoto wetu maisha ya Sanga, tunatumia vitu walivyopewa wafu. Ni haki?

Sisi tunaitika, lakini kwa masharti. Kaburi si duka. Nyungu ile ndogo iliwekwa na mzazi mwenye kilio. Anayeionyesha bila kusema hivyo anaiba mara ya pili. Na wa kwanza kuulizwa ni wale wanaovua Kisale mpaka leo. Mukini wenyewe haujafa.