Ajali Haina Kinga?

Neno "ajali" limetujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani ukomo wa uhai wa mja ambao Muumba peke yake ndiye aujuaye. Kwa hiyo tunaposema fulani amepata ajali, ndani ya neno lenyewe tumekwisha kusema kwamba saa yake ilifika. Wahenga wakaongeza kuwa ajali haina kinga. Lakini wahenga hao hao walituachia usemi mwingine, kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Swali ninalotaka kulitafakari pamoja nawe, ndugu msomaji, ni hili: tunapokuwa barabarani, tufuate usemi upi?

Silileti swali hili kama mtu asiyehusika. Katika miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi iliyokuwa kando ya barabara kuu, penye kona. Lango la shule lilielekea barabarani, nami nilijivunia lango hilo. Tulikuwa tumelijenga kwa mawe, tukaandika juu yake jina la shule kwa herufi kubwa, na kila abiria aliyepita kwa basi aliliona. Kila alasiri watoto mia kadhaa walimiminika humo, hatua chache tu hadi kwenye lami. Kila Jumatatu asubuhi kwenye paredi niliwakumbusha: angalia kulia, angalia kushoto, angalia tena kulia, ndipo uvuke. Niliamini kwamba kwa maneno hayo nimemaliza wajibu wangu.

Siku moja mtoto wa darasa la tatu aligongwa na gari mbele ya lango hilo, akafa. Siku chache baada ya maziko mama yake alikuja ofisini kwangu. Nilidhani amekuja kunilaumu. Kumbe alikuwa amekuja kurudisha vitabu viwili vya shule alivyokuwa akivitumia mwanawe. Aliponiona nimeinamisha kichwa, yeye ndiye aliyenipa pole. "Mwalimu, usijisumbue," alisema. "Ilikuwa ajali. Siku yake ilifika." Nami niliipokea pole hiyo. Jumatatu iliyofuata niliwaambia wanafunzi kwamba mwenzao hakuangalia kulia. Sikuwapo alipogongwa. Sikujua aliangalia wapi.

Mwaka haujaisha, mtoto mwingine akavunjwa mguu mahali pale pale. Ndipo kamati ya shule ilipoamua lango lihamishiwe upande wa nyuma, ambako kulikuwa na njia ya miguu iliyopita kwenye migomba na kutokea barabarani mahali palipo wazi, ambapo dereva na mtoto waliweza kuonana kwa mbali. Wazazi walijitolea Jumamosi mbili. Gharama yake ilikuwa mbao chache na misumari. Lango la mawe tuliliziba kwa miba. Toka siku hiyo hadi nilipohamishwa, hakuna mtoto wa shule ile aliyegongwa akienda nyumbani.

Basi nikabaki na fumbo ambalo halijaniacha hadi leo. Kama kifo cha yule wa kwanza kilikuwa ajali isiyo na kinga, ni kitu gani kilichomkinga wa tatu?

Watu wa rika langu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wazima walikusanyika kwa vikundi mbele ya redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Kabla ya hapo mtoto akifa kwa kuhara, wengi walisema ni amri ya Mungu. Baada ya hapo hatukuacha kumwamini Mungu, ila tulijua kwamba baina ya amri yake na kaburi la mtoto kulikuwa na choo ambacho sisi hatukukichimba. Leo kipindupindu kikiingia mtaani hakuna anayesema kuwa ajali haina kinga. Tunauliza maji yametoka wapi. Kwa nini basi mtoto akigongwa hatuulizi barabara imepita wapi?

Wala dini zetu hazitukatazi kuuliza. Waislamu hufundishwa kwamba mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, anayejenga nyumba mpya anaamriwa ajenge ukuta mdogo kuzunguka dari, kwa sababu mtu akianguka kutoka huko, damu yake itakuwa juu ya nyumba hiyo. Nimeitafakari sana amri hii. Haisemi kwamba aliyeanguka alikuwa mwangalifu. Huenda alikuwa mzembe, huenda alikuwa amelewa. Inamwendea mjenzi, maana yeye alijua tangu mwanzo kwamba watu watapanda juu ya dari yake. Mwenye kujua kabla ndiye mwenye wajibu kabla.

Najua nitajibiwa kwamba tatizo letu ni madereva. Ni kweli wapo wanaoendesha kama wamefungiwa shetani, na bodaboda wanaopita kulia na kushoto kana kwamba barabara ni yao. Hao wana dhambi yao, na sheria iwashughulikie. Lakini dhambi ya dereva haifuti deni la aliyechora barabara. Tufanye hesabu ya darasani. Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Dereva akimwona mtoto na kuchukua sekunde moja tu kabla ya kukanyaga breki, mita 17 zimekwisha kupita. Akienda kilometa 30, ni kama mita 8. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga huzidi mara nne. Mfupa wa mtoto hauwezi kubishana na hesabu hiyo, hata kama mtoto mwenyewe alikuwa sahihi na dereva ndiye mkosaji.

Mwaka 1997 Bunge la Sweden lilipitisha msimamo kwamba kifo barabarani kisihesabiwe kuwa gharama ya kawaida ya usafiri. Wazo lenyewe ni jepesi. Binadamu hukosea, na mtoto hukosea zaidi. Kwa hiyo barabara itengenezwe hivi kwamba kosa la kawaida lisilipiwe kwa uhai. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume. Nilijenga lango ambalo lilimtaka mtoto wa miaka tisa asikosee hata siku moja kwa miaka saba, kisha alipokosea, kama kweli alikosea, nikamlaumu mbele ya wenzake.

Utasema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Sivyo. Mwaka 2019 asasi ya Amend, iliyofanya kazi kwenye shule za Dar es Salaam, ilipewa tuzo ya kimataifa ya miji kwa jambo ambalo fundi wa mtaani angelielewa mara moja. Walikwenda shule kwa shule wakitazama watoto wanapita wapi, kisha wakaweka njia za miguu, matuta, vivuko, na pengine kuhamisha lango. Niliposoma habari hiyo nililikumbuka lango langu.

Sasa tuje kwa serikali zetu za mitaa, ambako kwa maoni yangu ndiko mzizi wa jambo ulipo. Halmashauri zetu zimepita katika misukosuko. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa na kuwekwa mpango wa madaraka mikoani. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kuzifuta lilikuwa kosa, na mwaka huo huo zikaanza tena kazi kwa sheria za 1982. Mwaka 2017 kazi ya barabara za mijini na vijijini ilihamishiwa TARURA, na barabara kuu na za mikoa zilikuwa tayari chini ya TANROADS toka 2000. Sina ugomvi na mgawanyo huo. Wahandisi wakiwa pamoja huenda kazi ikawa bora. Lakini tazama matokeo yake kwa macho ya mtoto. Darasa analotoka ni la halmashauri. Mtaa anaoufuata ni wa TARURA. Barabara kuu anayoivuka ni ya TANROADS. Gari linalokuja liko chini ya polisi wa usalama barabarani. Katika hatua hamsini amepita katika himaya nne, na hakuna hata moja iliyopewa kazi ya kumfikisha ng'ambo.

Ndiyo maana nasema halmashauri isijitoe kwa kusema barabara si zetu tena. Hatari ya barabara haianzi kwenye lami. Huanza mezani, siku inapoamuliwa kwamba shule ijengwe upande huu na makazi yapimwe upande ule, soko liwe hapa na kituo cha vifodi kiwe kule. Hapa Levolosi ninapoishi, ukienda karibu na Soko la Kilombero asubuhi utaona mama aliyebeba kiroba cha viazi, mkokoteni, bajaji, bodaboda, kifodi na lori vikigombea upana mmoja wa njia. Mwenye miguu hana pake. Pembeni kuna mtaro, na juu ya mtaro kuna bidhaa. Akiteremka kwenye lami tunamwita mzembe, ilhali mpango wa mji haukumwachia pa kukanyaga.

Tena tuna tabia ya kusubiri msiba mkubwa. Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo la wanafunzi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa watoto 32, walimu wawili na dereva. Mji mzima ulilia. Tuliwaaga katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na aliyekuwa Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akaja kuomboleza nasi. Tarehe 24 Februari 2024 lori lililokosa breki liliua watu 25 Ngaramtoni, kwenye barabara ya Namanga. Siku hizo viongozi walikuja, ahadi zikatolewa. Lakini wengi hufa mmoja mmoja, jioni, mbele ya duka fulani, na msiba wao hauvuki mtaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, na kwamba kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kiuacho zaidi. Idadi hiyo haikujengwa na mabasi yaliyotumbukia makorongoni peke yake. Ilijengwa na malango kama langu.

Je, sisi wananchi tumo? Tumo. Nimehudhuria mikutano ya mtaa mingi. Mradi wa barabara ukitangazwa, tunauliza maswali matatu: lami itaanza lini, fidia ni kiasi gani, na vijana wetu watapata vibarua? Yote ni maswali halali. Sijapata kumsikia mtu, nikiwemo mimi, akisimama kuuliza mtoto atavukia wapi. Matuta yenyewe tukiwekewa, wenye magari hulalamika kwamba yanaharibu springi. Basi mhandisi hutupa tulichokiomba, yaani lami laini na mwendo wa kasi.

Napendekeza mambo matatu, yote yako ndani ya uwezo wa kata. La kwanza, kila kata iwe na daftari moja. Polisi wana kumbukumbu zao, kituo cha afya kina zake, mwalimu mkuu ana rejista yake. Zikutane mara moja kila robo mwaka, na kila mahali mtu alipogongwa pawekwe alama kwenye ramani ukutani kwa mtendaji. Mtu wa kwanza akigongwa mahali, pengine hakuna aliyejua. Akigongwa wa pili hapo hapo, tumekwisha kuarifiwa. Tukinyamaza mpaka wa tatu, tumeshiriki. La pili, halmashauri isipitishe mpango wa shule, soko, zahanati wala kituo cha magari kabla ya TARURA, TANROADS na polisi kuketi pamoja na kutia sahihi mahali ambapo watu watavukia. La tatu, sisi wenyewe tulitie swali hilo katika ajenda ya mkutano wa mtaa, tuliulize kila mara, hata tukichekwa.

Sikatai kwamba zipo ajali za kweli. Mti huanguka, moyo wa dereva husimama ghafla, na elimu ya mwanadamu ina mwisho. Hapo usemi wa wahenga unabaki kweli, na pole ya "siku yake ilifika" ni pole ya halali. Ninachokataa ni kuutumia usemi huo pale ambapo tulijua na tulikuwa na mbao na misumari.

Yule mama sikumwambia lolote siku ile zaidi ya asante. Alinipa neno la kunipunguzia uzito, nami nikalichukua kana kwamba ni haki yangu. Neno hilo lilikuwa lake, la kujituliza yeye mwenyewe na msiba wake. Halikuwa langu, maana mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa lango. Nilipaswa kumjibu kwamba saa ya mwanawe Mungu anaijua, lakini mahali alipogongwa nilipachagua mimi. Nimechelewa zaidi ya miaka thelathini kuyasema maneno hayo. Naomba mwenye ofisi leo, wa kata au wa jiji, asingoje mama aje na vitabu mkononi ndipo aanze kuyatafuta.