Samaki Wamefunga Mdomo

Kwetu Kaniama, Kongo, mto hauna haraka. Mvua ikipiga kusini, Lubilash huchukua siku nzima kupanda. Asubuhi unakuta maji yamegusa mzizi fulani, jioni yameumeza, na mama aliyelowesha muhogo kandoni anahamisha vikapu vyake huku akiendelea na mazungumzo. Nimekulia kwenye tabia hiyo. Nilijua ndobo, ndivyo tunavyoiita ndoana, nilijua nyungunyungu wa kuchimba chini ya migomba, na nilijua kukaa kimya. Kwa hiyo rafiki yangu wa Nyeri aliponialika twende kuvua trauti kwenye mto Gura, nilijiona fundi anayekwenda kuwatazama wanagenzi.

"Samaki ni samaki," nilimwambia. Kama nawe una kauli hiyo mdomoni, haya nayaandika kwa ajili yako.

Trauti ni mgeni Kenya. Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza, ndiye aliyeleta mayai yake kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905, akaanza na Gura huohuo. Trauti anataka maji ya baridi, yenye hewa nyingi, chini ya nyuzi 20 hivi. Mlete Lubilash uone kama atamaliza wiki. Ndiyo sababu makazi yake yako juu milimani, na hilo lingetosha kunifanya niulize swali ambalo sikuliuliza. Gura inaanzia kwenye safu ya Aberdare, ambayo vilele vyake vinakaribia mita 4,000, na kabla haijatembea mbali imekwisha kuporomoka mamia ya mita. Maji ya namna hiyo hayakupi siku nzima ya kuhamisha vikapu.

Ilikuwa Novemba, majira ya vuli. Mzee aliyetuongoza, mtu mfupi mwenye koti la mvua lililofifia rangi, alifungua kikopo cha bati akanionyesha chambo: nzi wa bandia. Ndoana ndogo kuliko ukucha wa mtoto, imezungushiwa uzi mweusi, na shingoni imefungwa manyoya ya jogoo yakasimama kama ndevu. Hana uzito wowote. Ndiyo maana huwezi kumrusha kama unavyorusha ndobo yenye risasi. Unachorusha ni mshipi wenyewe, mzito, unaupeleka nyuma, unaungoja unyooke hewani, ndipo unauleta mbele, na nzi anafuata mwishoni atue kama aliyechoka kuruka. Mzee alifanya hivyo bila kutazama. Mimi, katika saa ya kwanza, nilivua miti miwili na kofia yangu mwenyewe.

Kufika saa sita nilikuwa nimempata mmoja, urefu wa kiganja na nusu, mgongo wa kahawia, madoa mekundu ubavuni. Kichwa kikavimba. Nilimwacha rafiki yangu ukingoni na chai yake, nikaingia majini mpaka magotini, nikasimama juu ya jiwe bapa katikati ya mto, mahali ambapo Mzee hakuwa ameniambia nisimame.

Kama saa nane samaki waliacha kugusa. Nikabadilisha nzi. Nikabadilisha tena. Jua lilikuwa linawaka, mbingu juu yetu safi kabisa. Nilipogeuka, Mzee alikuwa anakunja mshipi wake.

"Kijana, samaki wamefunga mdomo. Toka majini."

"Mzee, lakini jua linawaka."

"Sikukuuliza habari za jua."

Nikacheka, nikasema nirushe mara moja tu ya mwisho. Leo nikilikumbuka neno "mara moja" naona aibu. Vipande vya majani makavu vilikuwa vinapita miguuni pangu, na maji, ambayo asubuhi yaliniwezesha kuhesabu vidole vyangu, yalikuwa yamekuwa rangi ya chai iliyotiwa tone la maziwa. Trauti huwinda kwa macho. Maji yakichafuka hamwoni nzi, wala hajishughulishi naye. Kwa hiyo samaki walikuwa wamepata habari za mvua ya mlimani kabla yangu, na Mzee alizipata kwao. Mimi nilikuwa natazama juu.

Kisha nikasikia mawe yakigongana chini ya maji, kama chupa ndani ya kreti. Nilipotaka kurudi, pale palipokuwa magotini palikuwa mapajani. Hatua ya pili sikuikamilisha. Baridi ile inakukata pumzi kabla hujapiga kelele. Fimbo ya kuvulia iliniponyoka, nikabiringishwa, nikakamata jiwe, likaniteleza, nikakamata jingine.

Mzee hakuwa na kamba. Aliingia mwenyewe mpaka kiunoni, mkono mmoja umeshika mzizi, mwingine umeninyooshea bakora. Niliishika. Mto ukatusukuma wote wawili kwenye mwamba, naye ndiye aliyekuwa upande wa mwamba. Nilisikia kifundo cha mkono wake. Hakuniachia.

Tulikaa ukingoni tukitetemeka, rafiki yangu akifunga ule mkono kwa shuka la Kimasai. Mvua haikunyesha pale tulipokuwa, hata tone. Tukiwa njiani kwenda kituo cha afya, Mzee aliniuliza mto wa kwetu unapandaje. Nikamweleza Lubilash, mzizi unaomezwa polepole, mama na vikapu vyake vya muhogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sawa," akasema. "Nikija kwenu nitakuuliza."

Fimbo, ambayo ilikuwa ya kuazima, haikupatikana, nililipa. Mkono wa Mzee ulikaa kwenye plasta wiki sita, na katika wiki hizo hakuongoza mvuvi hata mmoja.